Wino wa Rangi Moja

Kwanza mnielewe: mimi sikuomba kazi ya fulana. Nilitupiwa. Siku ile tumemaliza mazoezi, kila mtu anakusanya vitu vyake, Kofia akasema bila hata kugeuka, "Dada, hii habari ya fulana ishughulikie wewe. Wewe mwanamke, nguo unazijua." Eti nguo nazijua! Mimi magauni yangu nashonewa na fundi yuleyule tangu nikiwa msichana, mshono uleule, kinachobadilika ni kitambaa tu. Lakini nikasema sawa. Katika bendi ile kusema sawa ilikuwa nusu ya kazi yangu.

Kofia ndiye kiongozi wetu na ndiye mwimbaji. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kumwona kichwa wazi, na wabaya wake walisema hata kuoga anaoga nayo. Radi ndiye mpiga ngoma, mtu wa mwili, mtu wa kelele. Mwalimu anapiga gita, na kweli aliwahi kufundisha shule, ndiyo maana hawezi kukusikia ukiongea mpaka mwisho bila kukusahihisha. Wa besi tulimwita Kimya. Si kwamba hawezi kuongea. Ni kwamba akisema neno moja asubuhi ameshamaliza ya siku hiyo.

Mimi nilikuwa Dada, mwitikiaji. Kofia akiimba, mimi naitikia. Zamani tulikuwa waitikiaji watatu, tunavaa sare, tunacheza kwa pamoja, mpaka wenye wivu wakasema watu wanakuja kutuangalia sisi. Mmoja akaolewa, mumewe akamkataza jukwaa. Wa pili akapata kazi mbali. Nikabaki mwenyewe, nikasogezwa nyuma kati ya ngoma na pazia, mahali ambapo taa haifiki sawasawa. Tangu hapo nyuso za wenzangu jukwaani sizijui. Nawajua kwa migongo.

Hizo fulana zilitokana na wivu mtupu. Vijana fulani, bendi ya juzi tu, wimbo wao mmoja na nusu, walikuwa na fulana, wana kofia, wana hadi mifuko ya kubebea, vyote vimeandikwa jina lao. Sisi tulikuwa na onyesho kubwa linakuja, ukumbi wa maana, wa viti vya kukunja na mapazia mazito, na Kofia alisema hatutaingia pale kama watu waliopita njia. Akanipa picha kwenye simu. "Tumia hii hii. Usibadilishe kitu."

Ilikuwa picha nzuri, sitasema uongo. Mtu alitupiga siku tuliyokuwa na furaha. Kofia kanyanyua mkono, Mwalimu kainama na gita lake, Radi kafumba macho, Kimya kasimama kama anasubiri kuitwa kwa daktari. Na nyuma yao nipo mimi, nimeachama, nacheka. Nakumbuka nilichokuwa nacheka: suruali ya Radi ilikuwa imepasuka, na mimi peke yangu ndiye niliyeiona. Nikiwa nyumbani niliikuza ile picha kwa vidole viwili mpaka uso wangu ukajaa kioo chote cha simu. Nilijipenda mle. Mtu wa umri wangu hapati picha nyingi za namna ile.

Basi nikaenda kwa fundi wa chapa.

Duka lake liko chini ya ghorofa, kati ya kinyozi na mtu wa funguo. Harufu ya wino inakupokea mlangoni kabla ya mwenyewe. Ukutani ameegemeza fremu za mbao zilizowambwa kitambaa chembamba, ndizo wanazoziita skrini, na juu yetu fulana zilikuwa zimening'inizwa kwenye kamba zikauke, ukipita zinakugusa nywele. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa rika langu, vidole vina rangi ambayo naamini haitoki tena. Akanivutia kiti, akakifuta.

"Karibu, mama. Unataka za msiba, za harusi au za uchaguzi?"

"Za bendi."

"Oo! Basi leo tutachagua nguo ya kuvaliwa," akasema, akaanza kunitandazia. "Hii pamba tupu, shika uone. Hii mchanganyiko, haikunjamani lakini jua likiwaka utajuta. Hii hapa usiiguse hata kidogo, hii ni ya wagombea. Ukiifua mara mbili unadekia."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka na mtu siku kadhaa, nikajishangaa.

Tukakaa kwenye zile nguo muda mrefu, na niseme ukweli, nilifurahia. Wenzangu walikuwa wameshanipa maagizo yao, kila mtu la kwake. Radi alitaka nyekundu. Mwalimu alitaka nyeupe yenye kola, kwa sababu kwake yeye fulana isiyo na kola ni nguo ya ndani. Kofia alisema lolote liwe, mradi kofia ionekane. Kimya hakusema. Mimi nikawapuuza wote. Nyekundu inachuja na kuharibu nguo nyingine kwenye beseni. Nyeupe, ukiivaa unapiga ngoma, jasho likishashuka unaonekana mpaka ulichokula. Nikachagua nyeusi, shingo ya duara, pamba tupu, mshono maradufu begani. Nyeusi nilichagua mwenyewe, kwa mkono wangu, na fundi akanisifu.

Kwenye saizi ndipo nilipomwonyesha. Wale wanaume wote walikuwa wamenidanganya. Radi alidai avae ya wastani, mwanaume mzima, tumbo lake linafika mlangoni kabla yake! Mwalimu alitaka kubwa kabisa, na mabega yale unaweza kuyatundika kwenye msumari mmoja. Nikawapangia mimi. Mgongo wa Radi naujua unapolowa na unapoanzia kulowa. Najua bega la kushoto la Kimya limeshuka kwa sababu ya uzito wa besi, na najua Kofia akikaribia sauti ya juu shati linamvutika katikati ya mgongo, kwa hiyo anataka iliyolegea. Fundi akaniuliza, "Umewapima lini?"

"Kila wiki," nikamwambia.

Halafu akaifungua picha kwenye kompyuta yake.

"Sasa sikiliza, mama. Hii tutapiga rangi moja. Wino mweupe juu ya nguo nyeusi. Penye mwanga napiga wino, penye giza naiacha nguo ijionyeshe. Katikati hakuna. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa, nikijua sijaelewa. Akabonyeza. Picha ikakakamaa, rangi zikaruka zote, ikabaki nyeupe na nyeusi tu. Ikapendeza jamani. Kofia yake Kofia ikatokeza, mkono ule juu, nyuzi za gita, hata kamba ya kiatu cha Kimya. Nikawa naangalia huku natabasamu kama mjinga. Ndipo fundi akaweka kidole kwenye kioo, kule nyuma, ambako vilibaki vidoadoa vitatu vinne vyeupe katikati ya weusi.

"Hivi vinachafua. Hili ni pazia, siyo? Nilitoe?"

Nikainama kutazama. Kidoa kimoja kilikuwa paji la uso wangu. Kile cha chini yake kilikuwa meno.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu mdogo wangu nilipomsimulia alinifokea. Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema, fundi, hilo si pazia, ni mimi. Maneno machache tu! Lakini nilimwona angefanya nini. Angegeuka aniangalie mimi, arudi aangalie kile kidoa, kisha anionee huruma, halafu aniombe radhi, na mimi ningelazimika kumwambia usijali. Nikashindwa. Aibu ilinipanda kuanzia kifuani, kana kwamba ni mimi niliyekosea kukaa pale.

"Litoe," nikasema.

Akabonyeza, pakawa peusi.

"Ona sasa ilivyokaa. Wanne, safi." Akageukia kwangu. "Na wewe ni mke wa nani hapa?"

"Sina mume hapo."

"Samahani. Basi tazama vizuri, kama kuna mtu wa kuongeza sema sasa hivi. Skrini nikishaichoma kwenye taa, ndiyo imetoka hiyo. Kuna aliyesahaulika?"

"Hakuna," nikasema. Ila nikamwomba anipe moja ya mfano kwanza, niipeleke wenyewe waione kabla hajachapa zote. Akakubali, akasema asubuhi niifuate.

Nilitoka pale nimefura. Nilikwenda kwa miguu nyumbani, najisemea peke yangu barabarani mpaka mama mmoja akanipisha. Hasira si ya fundi, fundi wa watu amekosa nini? Na hata ile picha haikuwa na kosa. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimekaa gizani miaka yote ile na nikadhani nimekaa na watu. Nikala kiapo njiani. Nitawapelekea ile fulana, na sitasema neno. Akitokea hata mmoja wao, mmoja tu, akauliza Dada yuko wapi hapa, nitarudi mbio kwa fundi, nitamlipia skrini nyingine kutoka mfukoni mwangu, na nitawaitikia mpaka nizikwe. Asipotokea, naondoka. Nahamia kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa ameniita muda mrefu. Anaishi mji mwingine, ana mume mpole, watoto wananiita Mama Mkubwa hata kwenye simu, kila mmoja anamnyang'anya mwenzake. Usiku ule alipiga kama kawaida yake.

"Dada, chumba nimekipaka rangi. Njoo basi. Unakaa huko na nani?"

"Na bendi."

"Bendi inalala kwako? Bendi inakupikia ukiumwa?"

"Ala! Wewe na maneno yako," nikamwambia, nikacheka ili asiendelee. Tukaagana. Nikaufukuza ule ukimya wa chumbani kwa kuwasha redio, nikala nimesimama jikoni. Nilikuwa nimezoea kula nimesimama. Meza nilikuwa nayo, ila nilishaijaza nguo za kupiga pasi, kwa vile hakuna mwingine aliyeihitaji.

Tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye chumba nyuma ya karakana ya seremala. Vumbi la mbao linaingia kooni, na Kofia kila siku analalamika, na kila mwezi tunakaa palepale. Nikaingia na mfuko, wakaniparamia. Nikaitandaza fulana juu ya spika.

"Lahaula!" Kofia akapiga kofi moja. "Tumetoka! Jamani tazameni, wote tumetoka!"

Wote. Nililisikia lile neno nikalishika hapohapo, kama mtu anavyodaka yai.

"Kijiti changu kimepinda," Radi akasema.

"Ndivyo kilivyo," nikamjibu.

"Lakini Dada, umepatia. Na hapa nyuma pamekaa pasafi. Lile pazia la ukumbi lilikuwa linachosha macho."

Nikamwangalia usoni nione kama ananitania. Radi ni mtu wa utani, huenda ananitega. Hapana. Alikuwa ameshaanza kuipima kifuani, anavuta pumzi ili tumbo lirudi ndani.

"Mmeiangalia vizuri?" nikauliza. "Nataka nimwambie fundi achape zote. Hakuna kilichopungua?"

"Kipo," akasema Mwalimu.

Moyo ulinipasuka. Naapa, niliusikia masikioni. Mwalimu akavaa miwani, akainama juu ya spika, akasogeza kidole polepole, na mimi nikasogea naye.

"Mkato," akasema. "Hapa baada ya jina la bendi panatakiwa mkato."

"Mkato?"

"Kwa sababu linalofuata ni maelezo. Watu watatucheka."

"Watakucheka wewe," Radi akamjibu, wakaanza ubishi wao.

Akabaki Kimya. Kimya alikuwa ameichukua fulana, ameishika kwa mikono miwili karibu na dirisha, anaitazama. Aliitazama muda mrefu mno. Mwenzenu nikajipa moyo. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Wanaonyamaza ndio wanaoona. Jukwaani alikuwa anasimama karibu nami kuliko wote, siku nyingine mkono wake unanigusa akikata wimbo. Akaniinulia macho. Akafungua mdomo.

"Dada."

"Abee."

"Hii inafuliwa kwa maji ya moto?"

"Baridi," nikamjibu. "Na uigeuze ndani nje."

Akaitikia kwa kichwa, akairudisha kwenye spika. Nikatoka nje kwa seremala, nikasimama kwenye lile vumbi lake nikijifanya limeniingia machoni. Seremala akaniuliza kama nataka maji. Nikasema ndiyo.

Ningetakiwa niondoke siku ile. Nilikuwa nimeapa, si nimeapa? Lakini mtu ukiwa mpweke unajua sana kujiongezea muda. Nikasema, hawajaziona zote. Zikichapwa zote, zikiwa nyingi, lazima mmoja ataona. Nikampigia fundi achape, na ule mkato wa Mwalimu auongeze kwa brashi. Nikajichukulia na yangu, kwa saizi yangu, kwa vile hakuna aliyeniuliza.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Meza ya fulana waliniwekea mimi mlangoni, maana nguo nazijua, na zilikwenda vizuri. Msichana mmoja alijipimia yake palepale, akajitazama kwenye kioo cha mlango, akaniuliza, "Shangazi, hawa watu unawajua?"

"Kidogo," nikasema.

"Yule dada anayeimba 'na mimi, na mimi' yupo leo? Nimemfuata yeye."

Nikainama kukunja fulana. Akaitwa na wenzake, akakimbia na fulana yake. Nilitaka kumwita nikakuta simjui jina wala yeye hanijui langu. Kengele ikalia, nikazikusanya zilizobaki kwenye maboksi, nikayabeba moja moja hadi nyuma ya jukwaa mwenyewe, nikayapanga pale mahali pangu kando ya pazia, nikasimama.

Niwaeleze huo wimbo. Ndio wimbo uliotupa jina. Kofia anauliza, "Wakiondoka wote, nitabaki na nani?" Mimi naitikia, "Na mimi, na mimi." Basi. Siku tuliyourekodi nilikuwa na mafua, nikaishiwa pumzi katikati, ikasikika naivuta, na mimi, halafu hewa, halafu na mimi. Nilimwomba fundi wa studio tuurudie, Kofia akasema hakuna muda. Ukatoka hivyo hivyo.

Tulipoufikia, taa zikapungua. Mbele yangu migongo minne, yote kwenye fulana nilizozichagua, yote imekaa sawasawa, hata Radi. Nikawaza, hawakuniona kwenye picha, hayo ni ya macho, na macho ya watu yana mambo mengi. Masikio je? Mwanamuziki hawezi kupotewa na sauti asijue. Nikaamua hapohapo nisiitike. Kofia atasikia shimo, atageuka. Miaka yote ile hajawahi kugeuka, leo atageuka, na akigeuka nabaki.

"Wakiondoka wote," akaimba, "nitabaki na nani?"

Nikafunga mdomo.

Ukumbi mzima ukajibu. "Na mimi!" Kisha wakavuta pumzi, wote kwa pamoja, ile pumzi yangu ya mafua, mahali palepale. "Na mimi!"

Waliimba sauti yangu. Waliijua mpaka kasoro yake, watu mia ngapi sijui, na mimi nimesimama gizani nimebana midomo, machozi yanaingia kwenye shingo ya fulana. Kofia akanyanyua mikono yote miwili, akauliza tena, wakajibu tena, kwa nguvu zaidi. Radi akapandisha mwendo. Kimya akatikisa kichwa kwa raha. Hakuna aliyegeuka. Tuliumaliza wimbo wote na mimi sikuitikia hata mara moja.

Baadaye kule nyuma ilikuwa vurugu, watu wanakumbatiana, nyaya zinakunjwa. Kofia akanijia jasho linamtiririka, akanishika mabega.

"Dada! Leo umeitikia kuliko siku zote. Naapa. Nilikusikia mpaka mgongoni!"

"Sikuimba," nikamwambia.

"Eti nini?"

"Sikuimba ule wimbo. Nilinyamaza."

Akacheka kwa nguvu, akanipiga bega. "Acha utani wako. Kesho mazoezi saa kumi."

"Kesho siji, Kofia."

"Sawa, sawa, pumzika, umechoka. Njoo keshokutwa."

"Siji tena kabisa."

Lakini alikuwa ameshageukia upande wa Radi, anamfokea kuhusu waya, asije akauacha kama mara iliyopita. Nikasubiri amalize. Hakumaliza. Nikachukua mkoba wangu nikapita katikati yao, nikiomba njia, wakanipisha.

Nikahama wiki ile. Mdogo wangu alikuja kunipokea na watoto wote, wakagombea mizigo yangu, na kile chumba kweli kilipakwa rangi. Walinipa kiti mezani. Simu niliiweka karibu na sahani, sitaficha, chakula baada ya chakula. Nilikuwa nimejiandalia hata maneno: nitamwacha aombe kwanza, nitajivuta kidogo, nisionekane nilikuwa nasubiri. Mdogo wangu akaniona akanyamaza, na kunyamaza si kawaida yake.

Ikalia tukiwa tunakula. Radi. Nikainuka nikaenda uani, nikafuta mikono, nikaiacha ilie kidogo ndipo nikapokea.

"Dada! Habari za siku?"

"Nzuri, Radi."

"Mbona umepotea bwana?"

Nilikuwa natabasamu peke yangu pale uani, kwenye nguo zilizoanikwa. "Nipo," nikasema.

"Aha. Sasa hebu nisaidie, kuna watu wanataka fulana. Zile zilizobaki uliziweka wapi? Tumepekua ukumbi mzima."

Watoto walikuwa wanaitana ndani, wanagombania kiti changu nani akae kando yake. Nikavuta pumzi.

"Ziko nyuma ya jukwaa," nikamwambia. "Pale ninaposimama siku zote."

Nilimsikia anafikiri, kweli anafikiri, halafu akamuuliza mtu kando yake, na huyo mtu akasema hajui.

"Wapi hapo?" akaniuliza.